Siku moja maishani mwangu: kuhudumia wazee Caernarfon, Wales

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Giza, mvua ya ubavuni, upepo wa baharini. Uji wa moto, koti, naingia kwenye gari.

Saa moja asubuhi. Mzee wangu wa kwanza alianza ujana wake machimbo ya Dinorwic, yaliyotoa mawe bapa ya kuezekea hadi yalipofungwa 1969. Namnyoa, nampa dawa. Radio Cymru, stesheni ya Kiwelshi, lugha ya hapa Wales, inaunguruma. Tangu kumbukumbu zianze kumponyoka, Kiingereza ndicho kilichotangulia kuondoka. Kwa hiyo Kiwelshi cha maji, choo, na wapi panauma nimekijua kabla ya kile cha salamu ndefu. Mtu mwenye maumivu humlazimishi aumie kwa lugha yako.

Saa nne. Nakatisha katikati ya kuta za mji. Mfalme Edward I wa Uingereza alianza kujenga ngome hii 1283, ndani wakae Waingereza, wenyeji wabaki nje. Leo humo ndani hata kahawa inaagizwa kwa Kiwelshi. Sensa ya 2021 ilikuta wazungumzaji ni asilimia 17.8 kwa Wales nzima. Kaunti hii ya Gwynedd, 64.4. Edward angezimia.

Mchana ni mbio tu, nyumba hadi nyumba. Chapati ya jana naila nikiwa nimeegesha.

Saa kumi jioni. Kwa bibi wa kanisani. "Panad?" (chai?) ananiuliza kabla sijavua viatu, na chai yake ni nyeusi tii, pamoja na kipande cha bara brith, mkate wa matunda makavu, kilichopakwa siagi bila huruma. Mezani pana kitabu cha nyimbo. Nakifungua: d, r, m, s, na nukta mbili zake. Solfa, noti za muziki kwa herufi! Ile ile ya kwaya yetu nyumbani Tanzania. Karne ya 19 ilijaa makanisani Wales, na wamisionari wakaisambaza Afrika. Naanza sauti ya tatu kwa herufi tupu, maneno nikiyaruka. Bibi anaweka kikombe chini, anaingia na ya pili, hakosei hata nusu pigo. Kisha analalamika hatuna besi. Mwanawe, anayekuja Jumapili, kashapangiwa bila kuulizwa.

Saa mbili usiku. Naandika ripoti kwenye simu: dawa kanywa, chakula kala nusu, sauti ya pili safi. Hiyo ya mwisho najua msimamizi ataniuliza.