Livonia, mkoa uliokatwa hadi mjini

Mimi ni wakala wa forodha hapa Tunduma, mpaka ndio unaosomesha wanangu. Pengine ndiyo maana habari za Livonia zimenikaa kichwani kuliko habari nyingine zote za dola ya Urusi.

Livonia ilikuwa kando ya Bahari ya Baltiki, chini ya Uswidi, mpaka majeshi ya Peter Mkuu yalipoiteka Riga mwaka 1710. Mkataba wa Nystad wa 1721 ukaikabidhi rasmi kwa Urusi. Lakini wenye nchi kwa kweli walibaki kuwa makabaila wa Kijerumani: mashamba yao, mahakama zao, na Kijerumani kikaendelea kuwa lugha ya ofisi hadi miaka ya 1880. Walatvia wa kusini na Waestonia wa kaskazini walifungwa kwenye mashamba hayo, hawaruhusiwi kuhama bila idhini ya bwana. Mwaka 1819 wakaachiwa huru, ila ardhi hawakupewa. Huo uhuru mimi siuoni kamili.

Malkia Catherine wa Pili ndiye aliyeleta hesabu. Amri yake ya 1775 ilitaka mkoa uwe na wanaume 300,000 hadi 400,000, na wilaya 20,000 hadi 30,000. Wanawake hawakuingia, kwa sababu kodi ya kichwa ilitozwa kwa wanaume. Mpango huo ulifika Livonia mwaka 1783, wilaya zikaongezwa. Werro ilitangazwa kuwa wilaya wakati haina hata mji wa kuweka ofisi, ikabidi mji uanzishwe mwaka 1784! Mwishowe zikawa wilaya 9: Riga, Wolmar, Wenden na Walk upande wa Walatvia, Dorpat, Werro, Fellin, Pernau na kisiwa cha Ösel upande wa Waestonia.

Sisi wa huku mambo ya kugawanywa tunayajua. Wilaya ya Momba ilitoka Mbozi, kisha mwaka 2016 mkoa wa Songwe ukatoka Mbeya. Cheti changu cha kuzaliwa kinasema Mbeya, cha kitinda mimba wangu kinasema Songwe, na wote wawili tumezaliwa Vwawa. Niliunga mkono mgawanyo ule na bado nauunga. Kabla yake, shida yoyote ya ofisi ya mkoa ilikuwa nauli ya kwenda Mbeya mjini na kurudi, na mara nyingine unaambiwa mhusika hayupo, njoo kesho.

Livonia nayo ikaja kugawanywa. Tsar alipoangushwa mwaka 1917, Waestonia waliandamana kwa maelfu mjini Petrograd, mji mkuu wa Urusi wakati huo, na mwezi Aprili serikali ya mpito ikaiunganisha sehemu ya kaskazini na mkoa wa Estonia. Mstari ulifuata lugha za watu. Naona ilikuwa haki: Dorpat na Pernau zilikuwa na jambo gani la kuamuliwa Riga?

Tatizo likawa Walk. Reli ya kutoka Riga kwenda Pskov ilikutana pale na ile ya Dorpat, na Walatvia na Waestonia walikuwa wamechanganyika mitaani. Estonia na Latvia, sasa nchi huru, kila moja ikautaka mji. Akaitwa Mwingereza, Kanali Stephen Tallents, aamue. Tarehe 1 Julai 1920 akaukata: sehemu kubwa ya mji pamoja na stesheni zikaenda Estonia, zikaitwa Valga, zilizobaki zikawa Valka ya Latvia. Kwa sehemu mpaka unafuata kijito kidogo tu.

Shangazi yangu ameolewa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, Zambia. Mstari unaotutenganisha naye Wajerumani na Waingereza walikubaliana mwaka 1890, bila kumuuliza Mnyamwanga yeyote, wakati Wanyamwanga wako pande zote mbili. Tallents angalau alijua anakata mji wenye watu.

Valga na Valka walirudishiwa vizuizi vya mpaka mwaka 1991, ulipovunjika Umoja wa Kisovyeti uliokuwa umezimeza nchi zote mbili. Tarehe 21 Desemba 2007 ukaguzi ukaondolewa, nchi zote mbili zilipoingia Schengen, eneo la nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao. Mpaka bado upo, alama zake zipo, ila mtu anavuka kwenda dukani kama anavuka mtaa. Kituo chetu cha pamoja, kilichozinduliwa mwaka 2019, kimesaidia mizigo kukaguliwa sehemu moja, na nakishukuru kila siku ya kazi. Ninachokitaka sasa ni utaratibu mwepesi kama wa Valga kwa wenyeji wa Tunduma na Nakonde wanaovuka kwa miguu, hasa wanaokwenda kuzika ndugu zao.