Harufu inayomrudisha sisimizi haimsumbui mende: uzoefu wangu na majani na mafuta, Ngamiani

Nyumba tunayoishi hapa Ngamiani, Tanga, ni ya zamani. Vyumba vimepangana pande mbili za ukumbi, uani kuna jiko, bafu na pipa la maji, na kati ya ukuta na bati pana upenyo ambao hata ndege anapita. Nyumba ya namna hii wadudu hawapigi hodi. Dawa ya kupuliza tulikuwa nayo, lakini mama ana pumu: ikipulizwa, anayetoka mbio ni yeye, mende wanarudi usiku uleule. Ndiyo sababu nikageukia majani na mafuta. Na mtu akikwambia ana mafuta "yanayofukuza wadudu wote", mwache apite. Kila mdudu ana njia yake ya kuingia na kitu chake anachokifuata. Usipokijua hicho, utainukisha nyumba vizuri tu na wadudu watabaki.

Sisimizi ndio niliofanikiwa nao kwelikweli. Walikuwa wanaingilia kwenye kona ya dirisha la jiko, wanashuka kwa ukingo wa ukuta hadi kwenye kopo la sukari. Sisimizi anafuata harufu iliyoachwa na wenzake waliotangulia, kwa hiyo kuwafagia tu ni kazi bure. Njia ipo palepale, na baada ya muda mfupi msafara umerudi. Mimi huanza kwa kuisugua njia yote kwa maji ya sabuni na siki, kutoka kwenye kopo kurudi hadi dirishani. Pakikauka nachovya pamba kwenye mafuta ya karafuu, napaka mstari mwembamba pale wanapoingilia, si jiko zima. Halafu nakaa kuwatazama. Wa kwanza akifika kwenye mstari anasimama, anapapasapapasa hewa, anageuka, anagongana na anayemfuata, na msafara wote unavurugika. Watatafuta ufa mwingine, nao unaupaka. Baada ya siku chache harufu inafifia, unarudia. Hakuna namna ya kukwepa hilo, kwa sababu kinachofanya kazi ni ule mvuke wenyewe. Ukishaisha hewani, umebaki na ukuta mtupu.

Karafuu kwetu hazina shida. Muheza, huko juu milima ya Amani, wanazilima pamoja na iliki na mdalasini, na Pemba iko ng'ambo tu ya bahari. Pemba wanapata mafuta hata kwenye makonyo, vile vikonyo vinavyobaki karafuu zikishachambuliwa. Wanayapitisha kwenye mvuke, na mafuta yanayotoka yana yugenoli nyingi. Hiyo ndiyo inayochoma pua yako na kumkera mdudu. Shida ni uhalisi wa yanayouzwa. Bibi mmoja muuza udi na dawa za majani soko la Mgandini aliniona nanusa chupa moja baada ya nyingine, akacheka.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Hapo unanunua marashi. Lete karatasi."

Akadondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe, akaniambia nizunguke sokoni kisha nirudi. Mafuta halisi ya mvuke huruka, karatasi ikabaki karibu safi. Ikibaki doa linalong'aa kama karatasi iliyofungiwa maandazi, ujue ni mafuta ya kupikia yaliyotiwa manukato. Hayo yatapendeza pua, sisimizi atapita juu yake.

Mende sina mengi ya kuwasemea. Ukipaka karafuu kabatini wanahamia chini ya meza, ukipaka mezani wanarudi kabatini. Anachokitafuta mende kuliko yote ni maji. Bila chakula anaweza kuvumilia wiki kadhaa, bila maji haendi mbali. Tuliweka wavu kwenye tundu la maji bafuni, tukaziba bomba lililokuwa linavuja, na kila usiku jiko linaachwa kavu, matambara yameanikwa nje. Wakapungua. Mafuta siyapi sifa hata kidogo hapo. Kunguni nao usiwajaribie harufu: ni maji ya moto, jua na kukagua mishono ya godoro.

Kwenye mbu ndiko watu wanakojidanganya zaidi, na ndiko gharama ya kujidanganya ilivyo kubwa. Wazee wa huku wanatia kivumbasi au majani ya mwarobaini kwenye chetezo jioni, na moshi kweli unawasukuma mbu. Lakini moshi ni moshi, na kwa mwenye pumu haufai hata ukiwa wa mti gani. Kwetu tunavunja matawi mabichi ya kivumbasi, tunayafikicha, tunayaning'iniza dirishani jua linapozama. Kufikicha ndiyo kazi yenyewe. Mmea uliokaa kwenye kopo lake haujaguswa unatoa harufu ndogo mno. Nimeona watu wananunua miche ya mchaichai waipange barazani kama askari wa zamu, na mbu wanawauma palepale pembeni yake.

Cha kupaka mwilini nachanganya matone 12 ya mafuta ya mchaichai kwenye vijiko viwili vikubwa vya mafuta ya nazi. Usiongeze kwa kudhani yatakuwa makali zaidi. Ngozi ndiyo itakayowaka. Yananitosha kukaa barazani saa moja hivi, kisha napaka upya. Usoni hapana, mikononi mwa watoto hapana, maana mkono wa mtoto unakwenda jichoni na mdomoni. Dawa za dukani zilizotengenezwa kwa mkaratusi wa ndimu zinadumu zaidi, ila hazipakwi mtoto wa chini ya miaka 3.

Usiku ni chandarua, basi. Mbu wa malaria anauma zaidi usiku, umelala, na mafuta uliyopaka saa mbili yamekwisha kitambo. Wa dengue ndiye wa mchana, mwenye madoadoa meupe miguuni, na anazaliana kwenye maji masafi yaliyotuama. Mwaka 2019 dengue ilipotupata hapa Tanga na Dar es Salaam, kila mtu alitafuta cha kujipaka, huku mapipa uani yako wazi na matairi yamejaa maji ya mvua. Pipa letu sasa lina mfuniko na linasuguliwa kila wiki, maana mayai yanaganda ukutani kwake.

Halafu kuna paka, na Tanga kila nyumba ina wake au wa jirani. Ini la paka haliwezi kuyavunjavunja mafuta haya kama letu. Akiyakanyaga atajilamba, na anaweza kuugua vibaya. Kwa hiyo chini sakafuni sipaki kitu, na chupa iko juu, kwenye giza, mbali na jiko.

Jambo nililolichukua kwa mama mkwe, na ningelianza nalo kama ningelijua mapema, ni la kunde. Fukusi wa kunde hutaga yai juu ya punje, kisha buu anatoboa kuingia ndani. Mama mkwe anapima kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya kupikia kwa kilo moja ya kunde kavu, anazigeuzageuza kwenye ungo mpaka kila punje ing'ae kidogo, kisha anafunga kwenye ndoo. Mayai hayapati hewa, yanakufa. Juu anaweka majani ya mwarobaini yaliyokaushwa kivulini, si juani, kwa sababu jua linaua nguvu yake. Siku ya kupika anayatoa, anazipepeta, anaziosha kwa maji ya uvuguvugu mara mbili, anaweka chunguni.