Kumbukumbu ya mradi wangu: hadithi za vijana zikiwa kwa msanifu kurasa, na mialiko ya kuzungumza ikiwa mezani

Mkusanyiko wa hadithi fupi za vijana ninaouandaa umetoka kwa mhariri na sasa uko kwa msanifu kurasa; prufu ya kwanza, yaani nakala ya kusahihisha kabla ya kuchapwa, nimeahidiwa mwishoni mwa Mei. Katika kipindi hiki hiki mialiko ya kuzungumza mashuleni, maktabani na kwenye makongamano imeongezeka, na nimebadili kigezo ninachokitumia kuikubali. Zamani nilitazama kama tarehe iko wazi. Siku hizi nauliza kwanza mswada umefikia hatua gani, kwa kuwa kila hatua ya kitabu ina namna yake ya kuvumilia au kutovumilia safari na jukwaa.

Msongamano wenyewe hautokani na uzembe wa mtu. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu hutolewa tarehe 13 Aprili, siku aliyozaliwa Mwalimu mwaka 1922, na tarehe 23 ya mwezi huo huo ni Siku ya Vitabu na Hakimiliki Duniani, ambapo walimu wengi hutafuta mwandishi wa kuwaletea wanafunzi. Haupiti muda inafika tarehe 7 Julai, ambayo UNESCO iliitangaza mwaka 2021 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Kwetu Tanzania siku hiyo ilikuwa tayari ni Sabasaba, kumbukumbu ya kuanzishwa kwa TANU mwaka 1954, na hivyo makongamano ya lugha hukutana na maonesho ya biashara katika juma moja. Wachapishaji nao hupenda vitabu viwe tayari kabla ya Septemba, mwezi ambao kwa kawaida hufanyika Maonesho ya Kimataifa ya Vitabu ya Nairobi. Mwandishi wa Kiswahili anadaiwa kazi na anaitwa jukwaani katika miezi ile ile.

Hatua ya rasimu ndiyo iliyonifaa zaidi kwa kuzungumza. Nilikubali karibu kila mwaliko wa shule, kwa sharti kwamba nitasoma hadithi ambazo hazijakamilika. Katika hadithi mojawapo kuna konda wa daladala, nami nilikuwa na njia mbili za kumfanya azungumze: moja ya Kiswahili sanifu cha kitabuni, nyingine ya kituoni. Nilizisoma zote mbili mbele ya wanafunzi wa kidato cha pili. Ile ya kwanza waliisikiliza kwa adabu, nilipofika kwenye “Sogea nyuma, huko kweupe!” darasa likaamka, na mvulana mmoja akaongeza maneno mawili ambayo nimeyahifadhi kitabuni kwa idhini yake. Kusoma kwa sauti hufichua pia sentensi zinazomkatisha msomaji pumzi, na zile ambazo mtu huzirefusha kwa kujipendekeza tu. Mhariri aliniambia kwamba hadithi zilizopita shuleni zilimpa kazi ndogo kuliko zile zilizobaki kwangu kabatini.

Hatua ya usanifu ni jambo jingine kabisa. Kitabu kimepangwa kuwa na kurasa 144, yaani karatasi kubwa 9 ambazo kila moja ikikunjwa hutoa kurasa 16. Ukiongeza aya mbili katika hadithi ya tatu, mistari yote ya hadithi hiyo husogea, na pengine hadithi ya nne haianzii tena ulipopangwa ukurasa wake. Ukurasa wa 145 ukizaliwa, mchapaji hawezi kuubandika peke yake: ama upunguze maneno mahali pengine, ama ulipie karatasi nyingine, au nusu yake, na ukubali kurasa tupu mwishoni. Ndiyo maana sitaki kusoma hadithi hizi mbele ya watu huku prufu ikiwa mezani. Kila hadhira huniachia hamu ya kurekebisha, na hamu hiyo, ambayo katika rasimu ilikuwa faida, hapa inageuka gharama ya mtu mwingine.

Basi, kwa majuma ya prufu nimekataa mialiko yote isipokuwa mmoja. Waandaaji wengi nimewajibu kwa barua fupi yenye shukrani, tarehe mbadala na jina la mwandishi mwenzangu ambaye kitabu chake kimeshatoka. Huo mmoja ulitoka kwa mwalimu wangu wa zamani aliyeko Zanzibar, na mtu wa rika lake hakataliwi kwa ujumbe wa simu. Nilimpigia, nikamwamkia shikamoo, nikamweleza habari ya kurasa 144, naye akacheka na kuamua mwenyewe kwamba nitoe salamu za dakika tano kwa njia ya mtandao, bila kusoma chochote.

Kuhusu urefu wa hotuba, nimejifunza kutoamini ratiba iliyochapwa. Mtoa mada hupewa dakika 20; mgeni rasmi huchelewa, meza kuu hutambulishwa mmoja mmoja, na mshereheshaji huja kukunong’oneza kwamba zimebaki 7. Wengine huokoa muda kwa kusema “itifaki imezingatiwa”, nami nawashukuru. Kwa upande wangu huandaa kila mada kwa vipimo vitatu: dakika 20, 10 na 5, kila kimoja kikiwa na mwanzo na mwisho wake kamili, kwa sababu hotuba ndefu iliyokatwa ghafla huwa haieleweki. Ninaposoma kwa utulivu hupita maneno kama 100 kwa dakika, kwa hiyo ukurasa wa maneno 300 nauhesabia dakika tatu, na kicheko cha wanafunzi nakihesabia nafasi yake.

Kabla ya kukubali huwa nauliza pia wasikilizaji ni wa umri gani, nauli na malazi ni juu ya nani, na kama vitabu vinaruhusiwa kuuzwa ukumbini. Swali la nauli huwaudhi baadhi ya waandaaji, hasa wale wanaosema mwaliko ni wa heshima. Ninalielewa hilo, lakini basi halipandwi kwa heshima.

Hali ilivyo leo: prufu ikirudi kwa wakati, nitaimaliza kabla ya Juni kwisha, na tarehe 7 Julai nitaweza kusoma maandishi ambayo hayabadiliki tena. Kipindi ambacho kitabu kiko kiwandani nimekiacha wazi kwa mialiko, kwa kuwa hapo sina la kufanya ila kukitafutia wasomaji. Safari ya Nairobi kwa basi kupitia Namanga nimeiandika kwa kalamu ya risasi mpaka mchapaji athibitishe siku ya kukabidhi nakala. Mchoraji bado hajaleta rangi ya mwisho ya jalada, na waandaaji wa Morogoro wanasubiri kichwa cha mada. Nitawapelekea ile ya konda, kipimo cha dakika 10.