Kati ya Ujumbe na Moto: Siku Moja ya Wakili wa Watoto Mombasa

Faili ninayoifuata hapa imeunganishwa kutoka vipande vya faili nyingi. Shule haitajwi, mtaa hautajwi, kwa kuwa sheria ya Kenya inalinda utambulisho wa mtoto aliye mbele ya mahakama. Ni mvulana wa kidato cha pili. Anadaiwa kupanga na wenzake wanne kuchoma bweni usiku wa Jumamosi. Ushahidi ni ujumbe kumi na mmoja wa WhatsApp, chupa ya petroli ya lita mbili iliyookotwa nyuma ya choo, na maelezo ya kurasa mbili yenye sahihi yake.

Saa 12:30 asubuhi, kituo cha polisi

Kabla ya kumwona mtoto, naomba kuona OB, yaani kitabu cha matukio cha kituo. Ibara ya 49 ya Katiba inataka mtuhumiwa afikishwe kortini ndani ya saa 24, na zikiisha nje ya muda wa korti, basi siku ya korti inayofuata. Saa hizo zinaanza alipokamatwa. Kinachoharibika mara nyingi ni hiki: polisi wamemchukua shuleni saa nane mchana, lakini kitabuni ameandikwa saa kumi na moja jioni. Saa tatu zimepotea, na ndizo saa alizohojiwa.

Halafu nauliza alilala wapi. Mtoto hachanganywi na watu wazima. Kituo kisicho na chumba cha watoto humlaza kwenye benchi karibu na kaunta. Ni afadhali kuliko seli, ila taa haizimwi na watu wanaingia na kutoka usiku kucha. Mtoto aliyekesha hivyo atatia sahihi karatasi yoyote ili aachwe alale.

Sasa yale maelezo. Nani alikuwapo yakiandikwa? Kama mama alifika saa mbili usiku na maelezo ni ya saa kumi na mbili jioni, karatasi hiyo ina kasoro. Kifungu cha 25A cha Sheria ya Ushahidi hakikubali ungamo lililotolewa mbele ya mpelelezi wa kesi hiyohiyo. Anatakiwa afisa mwingine wa cheo cha juu, au hakimu, pamoja na mtu wa tatu aliyechaguliwa na mtuhumiwa mwenyewe.

Mtoto mwenyewe napewa naye dakika ishirini hivi. Nisianze na "ni kweli?" Naanza na umekula, umelala, kuna aliyekugusa. Kisha namweleza kwamba mimi ni wakili wake yeye, si wa mama, si wa shule. Mama husubiri nje, na hilo linamuuma, lakini kuna mambo kijana hawezi kuyatamka mbele ya mzazi wake. Nauliza nani alifungua kundi, ujumbe upi ni wake, pesa za petroli zilitoka wapi, nani mwingine alijua. Nauliza pia usiku huwa anawaza nini, na kama amewahi kutamani asiamke. Anayepanga moto mara nyingine hajapanga yeye mwenyewe atatokea mlango gani.

Saa 2 asubuhi, umri

Sheria ya Watoto ya 2022 inasema aliye chini ya miaka 12 hawezi kushtakiwa kwa jinai. Aliye chini ya 14 huchukuliwa kuwa hajaweza kupambanua jema na baya hadi ithibitishwe vinginevyo. Na aliyefika 18 si mtoto tena. Kwa hiyo umri unaokisiwa kwa macho na ofisa wa kaunta unaweza kuamua kila kitu kinachofuata.

Nakusanya cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki, sajili ya shule ya msingi, kadi ya ubatizo au daftari la madrasa. Vikikosekana vyote, daktari hutazama meno na picha ya eksirei ya kifundo cha mkono. Makadirio hayo huweza kupishana na ukweli kwa mwaka mmoja au miwili, kwa hiyo ripoti inayosema "miaka 18" bila kutaja kiasi cha makosa naipinga palepale.

Saa 3:30 asubuhi, kwa kiongozi wa mashtaka

Hapa ndipo penye uzito. Kuchoma jengo, kifungu cha 332 cha Kanuni ya Adhabu, adhabu yake kwa mtu mzima hufika kifungo cha maisha. Kujaribu kuchoma, kifungu cha 333, ni miaka 14. Kula njama ya kutenda kosa kubwa, kifungu cha 393, ni miaka saba. Hati ya mashtaka ikiandikwa kwa haraka, huandikwa jaribio, kwa kuwa chupa ipo na chupa inaogopesha. Lakini kifungu cha 388 kinaeleza jaribio kuwa ni pale mtu anapoanza kulitekeleza kusudi lake kwa njia inayofaa, na kulidhihirisha kwa kitendo cha wazi. Chupa iliyofichwa nyuma ya choo siku mbili kabla, bila kiberiti, bila mtu kusogea bwenini, naitetea kuwa ni matayarisho. Kama ingekutwa chini ya kitanda saa saba usiku, nisingethubutu kusema hivyo.

Kisha ujumbe. Kumi na mmoja ulioletwa umechaguliwa. Kundi lina ujumbe zaidi ya mia nne. Naomba mazungumzo yote, kwa mpangilio wa tarehe, kutoka kwenye simu yenyewe. Picha ya skrini iliyopigwa na mwalimu wa zamu haionyeshi kilichotangulia wala kilichofuata, na bila cheti cha kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, kinachoeleza kifaa gani kilitumika na nani alikitumia, haifai kupokelewa.

Lugha nayo. Vijana huandika Sheng, tafsiri ya korti hufanywa na mtu mzima. "Tutamchomea" katika mazungumzo yao ni kumsema mtu kwa wakubwa; "kuchoma picha" ni kujiaibisha. Mtafsiri akiandika kwamba walipanga kumchoma mwalimu kwa moto, kosa jipya limezaliwa mezani. Lakini panapoandikwa "Jumamosi, baada ya prepu, Kim analeta mafuta", hapo hakuna Sheng ya kujificha, na wakili asijidanganye.

Hilo la mwisho nalisisitiza kwa mawakili vijana. Shule ya Bombolulu, Kwale, Machi 1998, wasichana 26 waliangamia kwa moto bwenini. Kyanguli, Machakos, Machi 2001, wavulana 67. Hillside Endarasha, Nyeri, Septemba 2024, watoto 21. Anayesimama mbele ya hakimu na kusema "ni utoto tu" amewasahau waliolala kwenye vitanda vile. Ninachoomba ni kipimo: kati ya maneno ya kijana huyu na moto zilibaki hatua ngapi, yeye mwenyewe alichukua zipi, na nani sasa anaweza kuzifunga zilizobaki.

Saa 5 asubuhi, Mahakama ya Watoto, Tononoka

Shauri husikilizwa faraghani. Huingia wahusika, mawakili, mzazi, na afisa wa watoto. Ibara ya 53 ya Katiba inasema mtoto asizuiliwe ila kama hatua ya mwisho, na kwa muda mfupi unaofaa. Wengi huinukuu kisha hukaa chini. Hakimu hapaswi kupewa ibara peke yake. Apewe mahali pa kumpeleka mtoto leo jioni.

Kwa hiyo nafika na mpango: atakaa kwa shangazi yake ng'ambo ya pili ya mji, si karibu na shule. Simu itabaki na wapelelezi. Hatawasiliana na wale wanne. Ataripoti kwa afisa wa watoto kila Jumatatu. Ataanza kumwona mshauri nasaha wiki hii, na tarehe ya miadi iwe imeandikwa. Shangazi mwenyewe awepo kortini na kitambulisho chake, aulizwe na ajibu: "Ndiyo Mheshimiwa, nitakaa naye."

Dhamana ya pesa taslimu ambayo mama hawezi kuipata humpeleka mtoto katika makao ya kuzuilia watoto Likoni kwa sababu ya umaskini, wala si kwa sababu ya hatari. Naomba mzazi atie sahihi ya ahadi bila fedha. Sharti la "arudi shule" kwa mtoto aliyesimamishwa na shule hiyohiyo ni sharti analolivunja kesho asubuhi. Na akishtakiwa pamoja na mtu mzima, tuseme mwendesha boda aliyewauzia petroli, shauri hutoka mahakama ya watoto; naomba mashtaka yatenganishwe mapema, kabla hajajibu lolote.

Saa 8 mchana, simu kwa shule

Sehemu hii mawakili wengi huiacha, nami naona ni makosa. Mvulana aliyetoa habari kwa mwalimu yuko shuleni bado, na wenzake wanamjua. Utafiti wa Secret Service na Wizara ya Elimu ya Marekani wa 2002, uliopitia mashambulizi 37 ya shuleni, ulikuta kwamba katika zaidi ya matukio manne kati ya matano kuna mtu aliyejua kabla. Kesi nzima hii ipo kwa sababu mtoto mmoja alifungua kinywa. Akipigwa au akiitwa msaliti, muhula ujao hakuna atakayesema. Namwomba mwalimu mkuu amhamishe kitanda, asimtaje kwenye paredi, na asimtumie tena kama mpelelezi.

Pia nauliza habari za bweni. Mwongozo wa usalama shuleni wa 2008 unataka nafasi ya mita 1.2 kati ya vitanda, ujia usiopungua mita 2, milango ya upana wa futi 5 inayofunguka nje, na madirisha yasiyo na vyuma. Nani ana ufunguo wa mlango usiku? Kama jibu ni "kufuli hufungwa kwa nje saa nne", basi kumfungia kijana mmoja hakujawalinda wengine. Nauliza pia walikuwa wanalalamikia nini. Hapo hupata majibu ya kweli: chakula, viboko, mtihani wa majaribio, likizo fupi iliyofutwa. Malalamiko hayahalalishi petroli, lakini yakiachwa hivyo yatapata kijana mwingine.

Saa 10:30 jioni, ofisini

Kuandika mpango wa kumtoa kwenye mkondo wa mashtaka, yaani atimize masharti badala ya kuhukumiwa. Unahitaji akubali wajibu wake kwa hiari. Kumshawishi mtoto akubali asilofanya ili mambo yaishe upesi ni dhuluma, hata ikifanywa kwa huruma. Huyu anakubali kwamba alituma jumbe tatu na kwamba alijua petroli imefichwa wapi. Hakubali kwamba aliinunua, na hilo linaandikwa hivyohivyo.

Mpango una tarehe na majina ya wasimamizi: ushauri kila wiki, shule ya kutwa badala ya bweni, kikao na wanafunzi wawili waliokuwa walale bweni lile, wakikubali wao na wazazi wao. Katika kikao hicho asome barua yake mwenyewe. Barua iliyoandikwa na mama hutambulika kwenye mstari wa kwanza.

Na kama angekuwa ndiye aliyenunua, akachagua usiku, akaonywa na kurudia? Ningepigania muda mfupi, ripoti ya mtaalamu wa akili kwanza, na masomo yasikatike. Borstal, yaani taasisi ya kurekebisha vijana wahalifu, kama ile ya Shimo la Tewa, hupokea vijana wa miaka 15 hadi chini ya 18 kwa muda usiozidi miaka mitatu. Kuna watoto ambao kwa kipindi fulani hawafai kuachwa karibu na wengine waliolala. Kusema hivyo hakunifanyi niwe wakili mbaya.

Saa 2 usiku

Simu kwa mama. Alete kesho kadi ya kliniki halisi, si nakala. Asimpigie mzazi wa mtoto yeyote kati ya wale wanne, hata kwa kuomba radhi. Asimuulize kijana usiku huu kwa nini alifanya. Amwache ale, aoge, alale. Na shangazi aache mlango wa chumba wazi kidogo, apite kumtazama mara moja kabla ya alfajiri.