Kusoma Orodha Kutoka Faili la Usanidi Katika Java

Darasa la Properties, lililomo katika Java tangu toleo la 1.0, hurudisha kila thamani kama mfuatano wa herufi tu, kwa hiyo orodha iliyoandikwa kwenye faili la usanidi huifikia programu ikiwa mstari mmoja ambao mwandishi wa programu hana budi kuukata mwenyewe. Wengi huukata kwa split(","), na hapo ndipo hitilafu hujificha: nafasi iliyo baada ya mkato hubaki ndani ya kipengele kinachofuata, na thamani tupu haileti orodha tupu bali safu yenye kipengele kimoja kisicho na herufi hata moja. Ndiyo maana nasisitiza kila kipande kipitishwe kwenye trim(), inayoondoa nafasi za mwanzoni na mwishoni, kisha vilivyo vitupu viondolewe.

Katika Spring Boot, mfumo wa kujengea programu za Java, @Value, alama inayoingiza thamani moja ya usanidi kwenye programu, hukubali orodha iliyotenganishwa kwa mikato, lakini haisomi orodha ya YAML (muundo wa kuandikia faili za usanidi) iliyoandikwa kwa vistari, kwa sababu kila kipengele chake hugeuzwa kuwa ufunguo wenye namba, kama vile seva[0] na seva[1]. Kwa orodha ya namna hiyo mimi huchagua alama nyingine, @ConfigurationProperties, ambayo huzikusanya funguo hizo na kujaza thamani zake katika List, yaani orodha ya Java, hata ikiwa ni ya namba.