Mwera ulipoula ufukwe wa Matema

Likizo ya Juni mwaka 1993 mama alinituma Matema kwa mjomba. Nilikuwa darasa la sita, mtoto wa Tukuyu niliyezoea ukungu, migomba na mvua. Tukuyu hunyesha zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na sisi watoto tulidhani dunia nzima inalowa namna ile. Basi lilinishusha Ipinda, nikapanda pikapu iliyojaa magunia ya mpunga. Jioni migomba ikakatika ghafla na Ziwa Nyasa likatokea. Kushoto Milima ya Livingstone imesimama wima, miguu yake majini. Mbele ni maji tu, hadi yanapokutana na mbingu.

Mjomba alikuwa mvuvi, ila ujanani aliwahi kuwa kuli katika bandari ya Dar es Salaam, kwa hiyo pwani aliijua. Usiku wa kwanza nilimuuliza kama ziwa nalo hupwa na kujaa.

"Bahari hupwa na kujaa mara mbili kwa siku, mjomba. Mwezi ukiandama, au ukiwa mpevu, huja bamvua: maji hupanda kuliko siku zote, kisha hukauka kuliko siku zote. Hapa kwetu mwezi hauna nguvu hizo. Ziwa hupanda kwa masika na kushuka kwa kiangazi, taratibu. Anayeuhamisha ufukwe wetu ni upepo."

Siku zilizofuata tulifanya kazi ambayo hadi leo nikiikumbuka roho inaniuma. Mjomba alitaka kulisogeza karibu na maji banda lake la kukaushia usipa, dagaa wa ziwa hili, ili asihangaike kubeba ndoo mbali. Mahali penyewe palikuwa na matete, na mbele yake majani yanayotambaa juu ya mchanga. Yeye akakata matete kwa panga, mimi nikang'oa majani. Mizizi ilitoka mirefu kama kamba, kila kifundo kimeota vinyuzi, kila unyuzi umekumbatia punje za mchanga. Niliikung'uta na kuirundika. Mzee mmoja jirani alipita akasema, "Hayo ndiyo yanayoshika hapa." Mjomba akamjibu kwa heshima kwamba ameelewa, tukaendelea.

Usiku wa tano ukaja mwera. Ziwa Nyasa limelala kaskazini hadi kusini, urefu wake unapita kilomita 550, na upepo huu wa kusini, unaotawala kuanzia Mei hadi Agosti, hupita juu ya maji hayo yote bila kukuta kizuizi. Kadiri unavyosafiri ndivyo wimbi linavyonenepa, na sisi wa Matema tuko mwisho wa safari. Nililala nikisikia kishindo, kisha mkwaruzo mrefu wa mchanga unaoburutwa, kisha kishindo tena. Alfajiri nguzo mbili za mbele za banda zilikuwa zimeng'oka, na paa limeinama hadi majini.

Palipokuwa na mteremko laini jana, sasa palikuwa na ukingo uliokatwa kama kwa jembe, unanifika kiunoni. Hatua ishirini kando, ambako matete hatukuyagusa, wimbi lilikuwa limekwangua tu. Nililia. Mikono iliyong'oa yale majani ilikuwa yangu. Mjomba hakunigombeza. Alinishika bega akanipeleka mbele ya ule ukingo, akaukwangua kwa kiganja.

Ndani yake mlikuwa na mistari: mweupe mnene, mweusi mwembamba kama uzi, mweupe tena, mweusi tena. Akaniambia kila mstari mweusi ni dhoruba iliyopita. Punje nyeusi ni nzito, kwa hiyo wimbi kali linapochota mchanga huondoka na zile nyepesi na kuziacha hizi. Akaingia ndani, akarudi na sumaku aliyoitoa kwenye spika ya redio mbovu, akaiburuta juu ya mstari mmoja. Zile punje zikairukia na kusimama juu yake wima, kama nywele za kiwavi. Chuma! Sikuwahi kufikiri kwamba mchanga una chuma.

"Na ule uliochukuliwa uko wapi?" nikauliza.

Akanyoosha kidole ziwani. Mbali kidogo kulikuwa na mstari mweupe wa povu ambao jana haukuwepo. Wimbi lilivunjika pale, likajikusanya, likavunjika tena miguuni petu. "Ndio ule, umelala chini ya maji. Wimbi linavunjika kwa kuwa limekanyaga fungu." Halafu akatupa gunzi la hindi pale maji yanapofikia. Wimbi likalipandisha kimshazari, maji yakalirudisha moja kwa moja chini, wimbi lingine likalipandisha tena, na kila mara gunzi lilizidi kutuacha likiufuata ufukwe. Nilitembea nalo hadi nikachoka. Mchanga nao husafiri hivyohivyo, punje kwa punje.

Ni katika kulifuata gunzi nilipoziona zile kokoto. Zilikuwa zimepangwa na wimbi kwenye mstari wa takataka, pamoja na mabua na magamba ya konokono: nyeupe zenye umanjano, zimejaa vitundu, mviringo kama mayai ya njiwa. Niliitupa moja majini, ikaelea. Niliijua! Kwetu ziko tele kwenye kingo za barabara, tabaka zima, tukichimba shimo la choo tunazitoa kwa koleo. Mjomba akasema zilirushwa na Mlima Rungwe ulipolipuka zamani, na mito huzishusha. Nikaitazama ile mistari myeusi upya. Kiwira, Mbaka, Lufilyo, mito yote ile ninayoiona ikipita kwetu ikiwa na rangi ya chai wakati wa masika, ilikuwa ikibeba mlima kuuleta hapa.

Mwera ulipotulia, mawimbi madogo yakaanza kurudisha. Nilichomeka fimbo nikaitazama kila asubuhi: leo mchanga umepanda unene wa kidole, kesho vidole viwili. Ukingo ukabomoka wenyewe, ukalainika. Banda tulilijenga nyuma kabisa, na mizizi niliyoikung'uta nikaifukia tena palepale nilipoing'oa, unyuzi kwa unyuzi, ingawa mingine ilikwisha kukauka.

Nilirudi Tukuyu na usipa wa bibi kwenye kapu na kokoto moja mfukoni. Bibi alipokea usipa, akasema ndaga, yaani asante kwa Kinyakyusa, kisha nikaitia ile kokoto kwenye ndoo yake ya maji. Akaizamisha kwa kidole, ikaibuka. Akaitoa, akaipitisha kisiginoni, akaigeuzageuza.

"Hii ni ya hapahapa kwetu," alisema. "Lakini nani ameilainisha hivi?"