Haki ya Wanariadha Wanawake na Maumbile Wasiyoyachagua

Katika fainali ya mita 800 ya wanawake kwenye Olimpiki ya Rio mwaka 2016, Caster Semenya wa Afrika Kusini alishinda kwa dakika 1 na sekunde 55.28, akifuatiwa na Francine Niyonsaba wa Burundi na Margaret Wambui wa Kenya. Kanuni zilizotangazwa na shirikisho la riadha la dunia mwaka 2018 ziliwafungia njia wote watatu. Waliozaliwa na maumbile kama yao, ambayo huufanya mwili wenyewe kuzalisha kwa wingi testosteroni, yaani homoni ya kiume, walitakiwa kuishusha chini ya nanomoli 5 kwa lita ya damu, la sivyo waachane na mbio za kuanzia mita 400 hadi maili moja.

Sisemi biolojia ipuuzwe. Tangu balehe, testosteroni hukuza misuli na kuongeza himoglobini inayobeba oksijeni kwenye damu, na katika mbio wanaume bora huwazidi wanawake bora kwa takriban asilimia 10 hadi 12. Bila kundi lao wenyewe, mabinti wa Iten, mji wa wakimbiaji nchini Kenya, wasingelifikia jukwaa la washindi.

Ninachokipinga ni kumtaka mtu mwenye afya njema anywe dawa ili aruhusiwe kukimbia. Annet Negesa wa Uganda, aliyezuiwa kabla ya Olimpiki ya London mwaka 2012, amesimulia hadharani jinsi alivyofanyiwa upasuaji ambao hakuelezwa vya kutosha, na jinsi afya yake ilivyodhoofika baadaye. Niyonsaba alihamia mbio ndefu, na mwaka 2021 akavunja rekodi ya dunia ya mita 2,000 mjini Zagreb. Ujasiri huo haukutangazwa inavyostahili hata katika ukanda wetu. Wambui alipendekeza kundi la tatu, la wanariadha wenye testosteroni nyingi, lakini nahofia kwamba kuingia humo kungekuwa sawa na kutangaza siri za mwili wako mbele ya uwanja mzima.

Tangu Septemba 2025, anayetaka kushindana na wanawake kwenye mashindano ya dunia hupimwa jeni ya SRY, ambayo kwa kawaida hupatikana kwenye kromosomu Y ya kiume, mara moja tu, kwa sampuli ya shavuni au ya damu. Kipimo ni chepesi, ila jibu lake laweza kumgeuzia maisha msichana wa miaka 18 ambaye hakuwahi kujishuku. Kwa hiyo vyama vyetu vya riadha vihakikishe kwamba anapewa jibu faraghani, kwa lugha anayoielewa, akiwa na daktari na mzazi au mtu anayemwamini, na kwamba jina lake halifiki magazetini.